Mke wa Balozi wa Upole

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ndiyo maana habari zake husimuliwa kwa sauti ya chini. Iliitwa Jamhuri ya Shwari. Wananchi wake walikuwa watu wa furaha, kwa sababu sheria ya furaha ilikwishapitishwa, na barabara zake zilikuwa nzuri kila mahali ambapo Mtukufu Rais alipata kupita.

Mwaka mmoja ikaingia aibu. Watu wa ng'ambo waliandika kwamba katika Shwari wanawake wanapigwa mno majumbani. Serikali haikukaa kimya. Kwanza ilipiga marufuku kuhesabu. Wanawake walipoendelea kupigwa bila kuhesabiwa, likapigwa marufuku neno lenyewe, na redio ya taifa ikaanza kusema kwamba mama fulani wa mtaa fulani "amepishana na mkono wa mumewe." Lakini kupishana huko kulipozidi kuwafikisha watu makaburini, Mtukufu Rais aliamka asubuhi moja na wazo. Akasema, kama wanaopiga ni wanaume, basi wanaume washirikishwe.

Wazo lilipokelewa kwa mshangao mkubwa serikalini. Akina mama wa Nyumba ya Kivuli, waliokuwa wakiwapokea wenzao wanaokimbia vipigo, walikuwa wamelisema kwa miaka mingi, lakini wao hawakuwa serikali. Ikaundwa Wizara ya Upole wa Wanaume. Na kwa kuwa wizara haiwezi kukaa chini ya mwavuli, ikapewa jengo la Nyumba ya Kivuli. Wanawake waliokuwamo waliombwa wapishe mapambano dhidi ya yale waliyoyakimbia. Wakapisha. Askari waliwasaidia kubeba vitanda.

*

Siku redio ilipomtangaza Balozi wa Upole wa Taifa, Siwema alikuwa jikoni akichambua mchele kwa mkono mmoja. Ule wa pili ulikuwa umefungwa kanga, kwani juzi yake ulibanwa na mlango, na aliyeubamiza mlango alikuwa mumewe.

Mumewe ndiye aliyetangazwa.

Pazi Mtambuka alikuwa mtangazaji wa mpira. Alijaliwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Timu ya taifa ilipofungwa, na ilifungwa mara kwa mara, Pazi aliisimulia aibu ile kwa namna ambayo watu walikwenda kulala wakidhani wameshinda. Wizara haikutafuta mtu mpole. Ilitafuta sauti ya upole, ikaona tofauti yenyewe ni ndogo.

Siwema aliweka ungo chini. Jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa hasira, lilikuwa tumaini. Alijiambia, sasa ataona haya. Mtu hawezi kusimama mbele ya nchi nzima asubuhi akisema hivi, na jioni akafanya vile.

Na kweli, kwa siku za mwanzo Pazi aliona haya. Alirudi nyumbani na shati la zambarau lililoandikwa kifuani MKONO WANGU NI MTO, akakaa kochini, akautazama mkono wake kama kitu alichoazimwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kaulimbiu ya wizara: mkono wa mwanamume uwe mto wa kulalia, si rungu. Vijijini wapo walioelewa mto wa maji, wakashangilia hivyo hivyo.

Kisha likaja gwaride la uzinduzi. Pazi akahutubia uwanja mzima, wanaume wakalia machozi, wavulana wa shule wakaimba wakiwa wamebeba wanasesere mgongoni. Aliporudi nyumbani alimpiga Siwema, kwa sababu kola ya shati la Upole haikuwa imenyooka na kamera zilikuwa karibu.

"Unanidhalilisha mbele ya taifa," alimwambia, kwa sauti ile ile.

*

Siwema alikuwa na ndugu mmoja tu wa kuzaliwa naye, mdogo wake Chande. Chande alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, na Pazi alipopata ubalozi alimvuta akampa cheo: Mratibu wa Makofi. Wizara iligundua kuwa wanaume wa Shwari wakihubiriwa upole hawajui wapige makofi wakati gani, kwa hiyo Chande alisimama nyuma ya kila mkutano, akainua mikono juu, na mkutano mzima ukamfuata. Alikuwa na kipaji. Hata mazishini aliwahi kujisahau.

Siwema alimwendea kwake siku ya mapumziko. Akavua kanga kichwani, akamwonyesha sikio lililovimba.

Chande alitazama, halafu akatazama dirishani.

"Dada," alisema, "zamani ungeniambia ningekuja kusema naye kama shemeji yangu. Sasa nikaseme na nani? Yule ni Balozi."

"Si ndiyo vizuri? Mtu anayehubiri asipige, ukimkumbusha atakuelewa."

"Hujui mambo ya ofisini wewe. Likitoka hili, wizara inaanguka. Wizara ikianguka, wanaume wote watarudi kupiga. Umelifikiria hilo?" Akamshika bega, akaona anakunja uso, akauondoa mkono. "Vumilia kidogo, dada yangu. Vumilia kwa ajili ya wanawake wengine."

Siwema alijifunga kanga yake. Njiani alijikuta anawafikiria hao wanawake wengine, na kila aliyemfikiria alikuwa ameambiwa maneno hayo hayo.

*

Akaenda kituo cha polisi. Nyuma ya meza ya mapokezi palikuwa na picha kubwa ya mumewe akikoroga uji.

Koplo aliyempokea alikuwa na beji ya zambarau. Alimsikiliza vizuri sana, maana walikuwa wamesomea kusikiliza. Aliinamisha kichwa upande, akasema "mm" mahali panapofaa, hata Siwema akaanza kupata nguvu. Kisha akauliza jina la mume.

"Pazi Mtambuka."

Koplo akainua macho polepole hadi kwenye picha, akayashusha.

"Mama, huyu ndiye aliyetufundisha kukusikiliza hivi ninavyokusikiliza."

"Ndiye huyo."

"Sasa mimi nimkamate kwa elimu aliyonipa yeye?" Alisema bila kejeli, lilikuwa linamsumbua kweli. Alimwita sajini, sajini akaja na kitabu cha utaratibu mpya. Utaratibu ulikuwa wazi. Malalamiko yote ya wanawake dhidi ya waume zao yalikwishaondolewa polisi, ili yasishughulikiwe kikatili, yakapelekwa kwenye ofisi maalumu yenye ubingwa: Ofisi ya Balozi wa Upole.

"Gari lipo," sajini alisema kwa wema. "Tutakupeleka wenyewe."

Wakampeleka. Siwema aliomba ashushwe njiani, lakini utaratibu ulikataza kumwacha mlalamikaji njiani. Katibu muhtasi alimkaribisha, akamletea maji, akamwambia asiogope, hapa ni mahali salama. Jengo lenyewe Siwema alilijua; katika chumba hicho hicho miaka miwili nyuma alikuja mara moja na mfuko wa nguo, akalala siku mbili chini ya uangalizi wa akina mama wa Nyumba ya Kivuli, kabla Pazi hajaja kumbembeleza.

Mlango wa ndani ukafunguliwa.

"Karibu, mlalamikaji," alisema mumewe, akavuta kiti.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Aliinamisha kichwa upande, akasema "mm" mahali panapofaa. Kisha akatoka naye wakarudi nyumbani pamoja, na wafanyakazi wakajipanga koridoni kuwapungia, kwani hawakuwahi kuona shauri likimalizika upesi vile.

*

Baada ya hapo ndipo wizara ilipobuni Nyumba ya Mfano. Ilionekana kwamba kuhubiriwa hakutoshi. Wanaume waone kwa macho. Pazi na mkewe wakahamishiwa kwenye nyumba ya serikali yenye bustani na ukuta, na getini akawekwa askari ili mfano usiibiwe. Kila mwanamume wa Shwari aliyetaka leseni ya jambo lolote, iwe ya kuendesha gari, ya kuuza samaki au ya kuoa, ilimpasa kwanza awe na Cheti cha Upole, na cheti kilipatikana kwa kuitembelea nyumba ile. Wakaja kwa mabasi: walimu, wavuvi, wachinjaji, wavulana wa sekondari katika mistari miwili. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, kwani mpango ulikuwa wa wanaume na wasijisikie wanatazamwa.

Siwema ndiye aliyekuwa mke wa humo. Alikabidhiwa nguo, saa za kazi na sentensi moja.

Ziara ilianzia jikoni. Balozi aliinua mfuniko wa chungu alichokipika Siwema alfajiri, akasema, "Hapa ndipo ninapopika." Wageni wakavuta harufu. Ikaendelea kwenye kamba ya nguo, ambako Balozi alianika taulo moja, kila siku lile lile. Ikaishia sebuleni, penye viti viwili vinavyotazamana na kibao kilichoandikwa KONA YA KUTOFAUTIANA. Hapo Balozi alikaa na mkewe, akamuuliza mbele ya wote kama jambo lao la jana limekwisha, na Siwema akajibu sentensi yake:

"Nimesikilizwa."

Chande akainua mikono, makofi yakapigwa, watu wakapewa juisi.

Alijaribu kuondoka mara moja, mchana, akiwa na kikapu kama mtu anayekwenda sokoni. Askari wa getini alimpigia saluti.

"Mke wa Mfano haendi sokoni, mama. Soko litakuja."

"Nataka kumwona shangazi yangu. Mgonjwa."

"Shangazi ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Hapo ndipo tatizo," askari alisema kwa huruma. "Angekuwa mjomba angeomba ziara."

Soko likaja kweli, likiwa kwenye gari la serikali. Siwema alinunua nyanya zake mbele ya mpiga picha. Jioni aliketi kwenye kiti chake cha kona peke yake, akasikiliza redio ya jirani nyuma ya ukuta ikisema kwamba hakuna mwanamke wa Shwari anayelindwa kama yeye. Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Baada ya wageni kuondoka, mlango ukifungwa, Pazi alirudi kuwa Pazi. Kazi ya upole ilimchosha. Mtu anayetabasamu mchana kutwa, alisema, lazima apate pa kupumzisha uso.

*

Siku Siwema alipovunja sentensi yake hakuwa amepanga. Wageni walikuwa wachoma mkaa kutoka milimani, watu wakimya, wenye mikono mikubwa waliyoificha magotini. Balozi akauliza kama jambo la jana limekwisha. Siwema akafungua kinywa, na neno la kwanza likatoka tofauti.

"Halijaisha," alisema. "Jana alinipiga na mkanda. Juzi pia." Akasimama, akageuka, akashusha kanga begani, wakaona. "Hiki mnachoonyeshwa hapa ni uongo. Mimi siruhusiwi kutoka. Naomba mnisaidie."

Wachoma mkaa walishtuka. Mmoja alinyanyuka nusu. Siwema alimtazama mdogo wake aliyesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Macho yao yalikutana. Chande alikuwa amepauka midomo.

Akainua mikono juu.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko siku zote. Wachoma mkaa walishusha pumzi. Kumbe ni igizo. Yule aliyenyanyuka alikaa akicheka kwa aibu, akafuta macho. "Mama huyu ni hatari," alimwambia mwenzake. "Mimi nilitaka kweli kwenda kumshika mzee wa watu."

Balozi naye akapiga makofi.

Waziri mwenyewe, Kanali mstaafu Lugendo Mbuya, alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu mnene, mwenye nia njema, aliyezungumza kana kwamba mbele yake daima pana kikosi.

"Bibi," alimwambia Siwema, "nimehudhuria michezo ya kuigiza ndani na nje ya nchi, lakini taarifa niliyoletewa! Wanaume wa milimani wamerudi kwao wakilia. Huu ndio ushirikishwaji. Kuanzia leo iwe kila siku."

"Si mchezo, Mheshimiwa," Siwema alisema. "Ni kweli. Ananipiga."

Waziri alimgeukia Pazi, uso umemjaa furaha. "Umeona? Hata mimi ananiigizia!"

Akaondoka akitikisa kichwa. Basi ikawa hivyo. Kila siku, wageni wakishanusa chungu na kutazama taulo, Siwema alisimama akasema kweli tupu, akaomba asaidiwe, na wakampigia makofi. Alijaribu kulia, makofi yakaongezeka. Alijaribu kusema taratibu bila kulia, kwamba jina langu ni Siwema, huyu ni mume wangu, nipelekeni nje. Wakasema kiwango kimepanda. Alijaribu kurudi kwenye sentensi ya zamani, "Nimesikilizwa," na wizara ikamletea onyo la uvivu.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba sauti yake mwenyewe ilianza kumpotea. Kuna asubuhi alizungumza, akasikia maneno yakitoka yamepangika, na akajiuliza kama kweli jana ilitokea au ameizoea tu kuisema. Siku hizo aliingia bafuni, akajibonyeza begani mpaka paume, ndipo akaamini.

*

Waziri alirudi baada ya muda, safari hii akiwa na uso wa kazi. Walikaa sebuleni, yeye na Balozi, wakinywa chai aliyoiandaa Siwema. Chande alikuwepo, amesimama mlangoni kusubiri maelekezo ya ziara ya kesho.

"Tuna malalamiko kidogo," alisema Waziri. "Ujumbe wa wilaya za kusini. Wanasema ushuhuda ulikuwa mzuri, ila alama za begani zimefifia. Waliokaa nyuma hawakuona kitu. Watu wametoka mbali, Balozi."

Pazi alikoroga chai yake.

"Litashughulikiwa, Mheshimiwa," alisema kwa sauti yake nzuri. "Mpaka kesho zitakuwa zinaonekana."

"Vizuri. Sihitaji kujua vipodozi mnanunua wapi."

Siwema alikuwa ameshika sinia. Hakulitupa, hakupiga kelele. Alilipeleka jikoni, akaliweka mezani, akashika ukingo wa sinki. Nyuma yake alisikia hatua, akajua ni za Chande, hakugeuka.

"Dada."

Siwema alifungua bomba la maji.

"Dada, mimi nilidhani..." Alichokuwa amedhani hakikuwepo, na wote wawili walijua. Tangu siku ile ya sikio alikuwa anajua. Alikuwa amepiga makofi ili asisikie.

"Nenda nyumbani, Chande," Siwema alisema. "Kesho una kazi."

*

Kesho yake wageni walikuwa mafundi wa gereji za mjini. Walikuwa wamekasirika tangu getini kwa kuacha magari ya watu wazi, na msemaji wao alikuwa jamaa mrefu aitwaye Makange, aliyetaka tu cheti chake aondoke. Alikitazama chungu, akasema kizuri. Alilitazama taulo, akasema safi.

Sebuleni, Siwema alisimama. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba hata maneno yakamtoka kwa upande. Akasema yale yale. Kwamba amepigwa jana jioni, kwamba ni kweli, kwamba hana pa kwenda na haruhusiwi kutoka, na anaomba msaada. Akamaliza, akasubiri kelele.

Kelele hazikuja.

Mafundi walikuwa wameigeukia mikono ya Mratibu wa Makofi, na Mratibu wa Makofi alikuwa ameitia mifukoni.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Hakuna aliyekuwa ameandaliwa kwa ajili yake. Watu wakajikuta hawana la kufanya ila kumtazama mwanamke aliyesimama mbele yao, na kadiri walivyomtazama ndivyo shavu lile lilivyozidi kuwa shavu.

"Shemeji," Balozi alimwita Chande, akitabasamu. "Makofi."

Chande alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mikono hakuitoa hata kuyafuta.

Makange ndiye aliyevunja ukimya. Alimwuliza Siwema, kama mtu anavyomwuliza mtu sokoni: "Dada, kwa hiyo ni kweli?"

Hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza. Siwema akaitikia kwa kichwa.

"Na unataka kuondoka?"

"Nataka."

"Haya, chukua vitu vyako."

"Ndugu zangu wapendwa," Balozi alianza, na sauti ile ikajaa chumbani kama uvumba, "sisi wanaume tunapokutana na hisia kali..." Alisema vizuri. Alisema juu ya mioyo, mito na utulivu. Huku akisema alisogea kuelekea mlango wa chumbani alikoingia mkewe, na kila alipopiga hatua alimkuta fundi mmoja amesimama njiani, hakumsukuma, hakumgusa, amesimama tu na ovaroli lake. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikiliza Pazi bila kulainika, naye hakujua afanye nini na sauti isiyofanya kazi. Mwisho akanyamaza, akakaa kwenye kiti cha Kona ya Kutofautiana.

Siwema alitoka na mfuko mmoja. Wakatembea naye bustanini, yeye katikati, Chande nyuma.

Askari wa getini alipiga saluti, halafu akaona mfuko.

"Mke wa Mfano haruhusiwi kutoka saa za kazi."

"Afande," alisema Makange, "tumeletwa hapa kujifunza kumsikiliza mwanamke. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Amesema anataka kutoka. Tumemsikiliza. Sasa ukitukatalia si tutafeli? Na tukifeli, wa kulaumiwa nani?"

Askari alifikiri. Hakuna mafunzo yaliyomwandaa kwa mtu aliyeelewa somo. Akafungua geti.

*

Asiyeijua Shwari atangoja sasa aambiwe kwamba Balozi alikamatwa na Waziri akajiuzulu. Redio ilitangaza siku hiyo hiyo kuwa Mke wa Balozi ameonyesha kwa vitendo haki ya mwanamke kutembea, na kwamba onyesho lilifana. Chande alihamishiwa kwenye idara ambayo hakuna aliyeweza kumwelekeza iliko, akaishia kuosha magari gerejini kwa Makange. Mafundi hawakupata vyeti, kwa kuwa ziara yao haikufungwa kwa makofi, waliandikiwa kuirudia.

Siwema alipewa chumba na mke wa Makange, nyuma ya gereji. Ukuta wake ulikuwa wa mabati. Wiki za kwanza alilala mchana, akaamka akitafuta kanga ya kazi, akakumbuka. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, na kwa muda mrefu hakufanya lolote zaidi ya kulifunga na kulifungua.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai na Chande redio ikiwa imewashwa. Mtangazaji akasema kwamba Nyumba ya Mfano imepata mke mpya, binti aitwaye Tausi, mwigizaji wa jukwaani aliyeshinda wenzake kwenye usaili. Wageni wamemsifu sana, aliendelea, hasa vipodozi vya jicho lake, ambavyo wengi wamesema hawajapata kuona vilivyofanana na kweli kiasi kile.

Siwema aliweka kikombe chini. Chande alizima redio, lakini ilikwishasema.

Akaondoka, akamkuta Makange chini ya lori. Ikambidi ainame.

"Kaka Makange, ile ziara yenu ya kurudia ni lini?"

"Kesho kutwa." Akajivuta akatoka, uso umejaa grisi. "Mimi sikutaka kwenda. Leseni basi, wacha niikose."

"Nendeni," Siwema alisema. "Mimi siruhusiwi kuingia. Ninyi mnaruhusiwa."

Makange alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Safari hii watakuwa wamejiandaa, dada."

"Najua. Ndiyo maana nasema nendeni wote."

Wakaenda wote, na gereji za jirani, na Chande katikati yao akiwa amevaa ovaroli la kuazima. Siwema alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya ukuta aliokuwa ameuzoea kwa ndani tu. Askari walikuwa wameongezwa. Mafundi waliingia, geti likafungwa, na jua likapanda. Kutoka ndani alisikia sauti nzuri ya mwanamume ikisema kwa muda mrefu, ikipanda, ikishuka, ikianza upya. Kisha alisikia zogo, na mtu akitoa amri, kisha hakusikia kitu. Miguu ilimwambia akimbie. Aliikatalia.

Geti lilifunguliwa upana wa mtu mmoja. Akatoka binti mwembamba, viatu mkononi, jicho moja limefumba. Hakuna aliyemfuata. Alisimama juani akitazama huku na huku, kama mtu aliyeambiwa nje kuna mtu na hajui ni nani.

Siwema alivuka barabara.

"Naitwa Siwema," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mke kabla yako."

Binti alimtazama usoni, akatazama nyuma getini ambapo palikuwa pamefungwa tena.

"Wale wanaume wamebaki ndani," alisema. "Wamenitoa mimi, askari wakawazuia wao."

Siwema alimwona akilini Chande na ovaroli lake la kuazima. Akamshika binti mkono.

"Vaa viatu," alimwambia. "Hatuondoki mpaka watoke."

Wakaketi chini mbele ya geti, wote wawili, mahali ambapo basi la wageni wa mchana lingelazimika kusimama.